Kiganja Juu ya Injini

Nilifika yadi ya Nyakato nusu saa kabla ya miadi,
umande bado uko juu ya maboneti,
na kabla sijasema habari za asubuhi
nikaweka kiganja juu ya injini.
Ilikuwa ya moto.
Magesa akasema ni jua.
Jua gani, Magesa?
Jua lenyewe lilikuwa bado linajikwamua nyuma ya mawe.

Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja.
Namjua mgonjwa anayenyweshwa panadoli getini
ili daktari asiione homa.

Lilikuwa zuri, sikatai.
Kosta ya zamani iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda,
sinki, jiko la gesi, mapazia ya maua,
rangi nyeupe ya juzi, bado inanuka.
Kiinua mgongo changu kimo kwenye bahasha,
mgongo wenyewe haujainuka,
lakini nilipiga magoti nikamulika chini kwa tochi ya simu:
rangi, chini ya rangi kutu,
chini ya kutu bati jembamba kama ganda la kitunguu.
Nikainua kapeti nikanusa.
Dagaa.
"Halijawahi kubeba mzigo, mama," akasema Magesa.

Mpwa wangu Lushinge, fundi wa Igoma, si mtu wa maneno.
Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena,
akaninyooshea kama anayenikabidhi kipimajoto.
Rangi ya chai ya maziwa.
Maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kujuana.
Tukaaga.
Magesa akashusha bei mara mbili
kabla hatujafika barabarani.

La pili lilikuwa Nyegezi, nyuma ya nyumba ya Mwalimu Nyabise,
rangi ya tope, taa moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nilitaka kugeuza.
Lakini injini ilikuwa baridi kama jiwe lililolala ziwani,
na mwalimu hakusema lolote la kulisifu;
aliingia ndani, akatoka na kaunta buku ya kwaya mbili.

*Machi. Klachi mpya, Musoma. Risiti imebandikwa.*
*Juni. Dirisha la nyuma linavuja, mvua ikitoka ziwani tu.
Weka beseni miguuni pa kitanda, upande wa kushoto.*
*Agosti. Likijaza tangi la maji halipandi kilima kwa gia ya tatu.
Usiligombeze. Teremsha gia.*
*Tumelala Guta. Viboko usiku kucha. B. amecheka sana.*

Kurasa za mwisho mwandiko ukabadilika.
Sikuuliza.

"Mlango wa nyuma," akasema, "uinue kidogo kwanza, ndipo usukume."
Halafu akaniuliza jambo ambalo Magesa hakuniuliza:
"Unakwenda nalo wapi?"

Nikamwambia: Nansio. Kibara. Ukara, pantoni ikikubali.
Kote walikotoka watu wangu wa wodini,
vijiji nilivyoviandika kwenye kadi miaka yote hiyo
bila kuviona hata kimoja.

Lushinge akawasha.
Likakohoa mara tatu, moshi mweusi, kisha likatulia,
likanguruma kwa sauti ya mtu mzima
anayejua kazi iliyo mbele yake.
Lushinge akanitazama. Kwake hiyo ni hotuba.

Sikulipa siku ile.
Niliomba nilale humo usiku mmoja, palepale uani,
na mwalimu akaniletea shuka bila kushangaa.
Saa tisa usiku upepo ukageuka, nikausikia ukija juu ya maji,
halafu mabati ya jirani, halafu paa langu.
Nikawasha tochi, nikafungua daftari ukurasa wa Juni,
nikasogeza beseni miguuni pa kitanda, upande wa kushoto,
nikakaa kusubiri.

Tone la kwanza likaanguka katikati ya beseni.