Bomba la Ukutani

Saa tisa usiku, maji ya mgao yakifika Tabata,
ukuta wa jikoni hugonga: ngo, ngo, ngo-ngo,
kama mgeni asiyejua kusema hodi.

Jirani kasema jini. Mwanangu kasema panya.
Nikamwita Chausiku, fundi bomba.

Alitaka kimya kwanza. Akazima redio, akazima friji,
akaweka ncha ya bisibisi ukutani, mpini sikioni,
akafumba macho.

"Fungua koki. Funga ghafla."
Ngo!
"Si hewa. Hewa hukohoa.
Wala si boya la tangi, boya huguna.
Hili bomba limelegea, linacheza."

Akabandua vigae viwili.
Humo, kati ya bomba na tofali,
kipande cha kandambili ya bluu,
kimesinyaa,
kimekatwa kwa kisu cha haraka.

Ya mguu wa kushoto. Ya marehemu Kibwana.
Mwaka ule nilimsingizia mbwa wa kina Mwasha,
na Kibwana kimya,
akaenda bafuni pekupeku miezi mitatu.

Chausiku akatoa klipu mpya mfukoni.
"Hiki nitupe?"

Kaza klipu, nikamwambia,
halafu kirudishe.