Mbegu ya Mtindi

Kadi yake haina jina. "Mtoto wa Siwatu," basi,
gramu elfu moja na tisini.
Nikimwekea kiganja, mgongo wote umekwisha.

Feni ya wodi inazunguka kwa kukwama.
Tumejipanga, vifua wazi chini ya kanga,
kila mmoja kamfunga njiti wake kati ya matiti.
Hatusemi sana. Tunahesabu pumzi, hata za watoto wa wenzetu.

Jumanne tumbo la mtoto wa Zamaradi lilivimba,
likang'aa. Alfajiri kitanda kikatandikwa upya.
Tangu hapo kila nikibadili nepi nalipapasa la wangu
kama mtu anayechagua papai, akiogopa kubonyeza.

Nesi Eliakunda akaja na kichupa.
"Hivi ni vijidudu," akasema, "ila vizuri.
Tumbo la njiti ni nyumba tupu;
tunataka wapangaji wema watangulie
kabla wakorofi hawajavunja mlango."
Nikauliza, atapona?
Akatikisa kichupa. "Tunajaribu, mama. Siahidi."

Vijidudu!
Mimi, muuza mtindi wa Tandika,
niliyemwagiwa ndoo nzima mtaroni
na bwana afya, mwaka ule wa kipindupindu,
kwa neno hilo hilo.
Miaka kumi na minne sijalala bila kubakiza kikombe kimoja
cha mtindi wa jana, siuzi, sikopeshi,
kwa kuwa ndiyo mbegu: maziwa mabichi hayajui kuganda
mpaka yafundishwe na yaliyoganda.

Nikacheka. Mara ya kwanza kwa siku tisa.
Nikakamua matone yangu, mazito, rangi ya nta,
akachanganya, akayasukuma mrijani
taratibu, kuliko nimiminavyo kwa wateja.

Usiku nikamnong'oneza utosini:
tulia. Mtindi hautikiswi ukiwa unaganda.
Umeshaharakisha kuja; sasa hapana haraka.

Siku ya kumi na moja, saa kumi alfajiri,
nepi ikawa nzito kidogo, manjano ya binzari.
Nikampigia baba yake, yuko zamu ya ulinzi Kurasini.
"Kuna nini? Siwatu, kuna nini?"
"Amekunya," nikasema.
Kimya. Kisha nikamsikia akiwatangazia wenzake getini,
kwa sauti, kama matokeo ya mtihani.