Manholi Namba Kumi na Saba

Majitaka hayana ubishi.
Yape mteremko, yatakwenda:
sentimita moja kwa kila mita mbili,
hayaulizi kabila wala jina la mwenye nyumba.
Ubishi ni wetu sisi tulio juu.

Ramani niliyokabidhiwa ina minazi,
kila mnazi kiduara cha wino wa kijani,
na nyumba arubaini na mbili
zimekaa mbalimbali kama wageni wasiojuana kwenye hitima.
Nimefika nayo Mishomoroni asubuhi,
nikaigeuza juu chini, nikaigeuza tena.
Palipo na mnazi, ghorofa ya tano inapigwa plasta.
Palipo na njia, ukuta.
Tsuma, anishikiaye fimbo ya vipimo, akasema:
"Injinia, tuhesabu kamba za nguo.
Kila kamba, nyumba."
Tukahesabu kamba. Mia tatu na kumi na nane
kabla ya adhuhuri,
tena upande mmoja tu wa barabara.

Chini ni tumbawe,
mwamba wenye vitundu kama kibibi kilicholala.
Hapa choo cha huyu, pale kisima cha yule,
hatua kumi na moja, nimezipima mwenyewe.
Mchana hawajuani.
Usiku, huko chini, huazimana.
Mwezi wa mvua watoto huzibeba habari hizo matumboni
mpaka zahanati.

Jumamosi tukaita mkutano, ukumbi wa madrasa.
Bomba, wote wanalitaka.
Hata Bwana Mbarak, ambaye jumba lake
hutapika kwenye mtaro wa mvua kila saa nane za usiku
akidhani mtaa umelala,
alisimama akasema neno "maendeleo" mara nne
akapigiwa makofi.

Nikatandika ramani mpya juu ya mkeka.
Nikasema: bomba haliendi kipofu,
kila mita hamsini lataka jicho,
kifuniko cha chuma, mtu ashuke azibue.
Sasa, namba kumi na saba
ikae mlangoni kwa nani?

Kimya.
Mwenye duka la madira akasema ana wateja wa heshima.
Kinyozi akasema si kwamba anakataa, ila mbele kidogo.
Simu ya Bwana Mbarak, ambayo haikulia,
akaipokea akatoka nayo nje.

Ndipo akainuka Nyamvula wa viazi karai,
vidole bado vina manjano ya unga:
"Wekeni kwangu.
Miaka tisa navinusa vya kwenu vikipita wazi.
Kama kupita vitapita tu,
basi vipite vimefunikwa."

Watu wakacheka, kisha wakaacha.
Nikachora duara kwa penseli.
Mkono ulinitetema, sijui kwa nini. Ni duara tu.

"Lini?" akauliza.
Nikamwambia kuna upembuzi, kuna zabuni,
kuna bajeti ya mwaka ujao, halafu kuna pampu,
maana bonde lenu liko chini ya bomba kuu
na maji hayapandi kwa kuombwa.
Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji yake mbele ya muuzaji.

Miezi saba sasa. Faili iko meza ya tatu.

Jana nilipita Mishomoroni kwa shughuli nyingine.
Nyamvula amesogeza jiko hatua mbili kando,
karai, benchi, beseni la ukwaju, vyote.
Pale pa kumi na saba pako wazi,
pamefagiwa.
Kijana mmoja akataka kuegesha bodaboda yake hapo,
nikamsikia anakatazwa:

"Songa, mwanangu.
Hapo pana mwenyewe."