Mkaidi

Mara ya tatu Kahindi wa Gongoni anafungua bendeji mbele yangu,
na mara ya tatu kidonda kimefumbua macho.
Nyuma yake, nusu ya Malindi imekaa kwenye benchi,
feni inazunguka bila upepo.
Kwenye faili nilishaandika, kwa wino mwekundu:
Mkaidi. Hafuati maagizo.

"Si nilikwambia mguu usilowe?"
"Ndiyo, daktari."
"Sasa?"
Akaitazama kofia yake, akaigeuza,
kana kwamba jibu limeshonewa ndani.

Nikainama. Sijui kwa nini siku ile.
Glavu zilikwisha tangu Jumanne;
nikamshika kisigino kwa mkono mtupu,
na kidole nilichojikata alfajiri nikimenya muhogo
kikaruka chenyewe.

Chumvi.
Alikuwa ameoga, amevaa shati la Ijumaa,
lakini chumvi ya mashamba yale
ilikuwa imejichimbia kwenye nyufa za wayo wake
kama mpangaji asiyelipa.

"Unasimama humo tangu saa ngapi?"
"Tangu jua halijaamka, mpaka lichoke."
"Mabuti?"
Akacheka kidogo, kwa adabu,
kama aliyeulizwa habari za farasi wake.

Nililikata lile neno. Halikukatika vizuri,
wino mwekundu una kiburi.
Pembeni nikaandika: Hana mabuti.
Halafu kalamu ikasimama. Hiyo nayo
haina dawa kwenye kabati langu.

Kidole kilikuwa bado kinawasha, tone moja tu,
na yeye, mguu wake juu ya goti langu,
akaniinamia:
"Pole, daktari. Imekuuma?"