Tundu la Pini

Jumatatu unaanza udalali wa nyumba, Maite,
na usiku huu umenipigia simu unalia
kwa ajili ya nguo.
Lia umalize. Kesho Jumamosi
njoo na peso elfu ishirini, zisizidi,
tukutane Barabara ya Argentina saa moja,
kabla wenye macho hawajaamka.

Pale marobota hufumuliwa juu ya turubai
nasi huinama. Usione haya kuinama:
asimamaye wima mtumbani hulipa bei ya dukani.

Koti lichague kwa mabega.
Kiuno hupunguzwa, mkono hukunjwa, kifungo hubadilishwa;
bega likikataa, limekataa.
Ligeuze ndani nje, usome bitana
kama utakavyosoma hati za nyumba:
palipotiwa kiraka ndipo pa kuuliza.
Rangi iwe kijivu, kijivu cha wingu la Julai.
Nyeusi iache. Nyeusi ya mtumba hugeuka kahawia mchana,
na jua la Valparaíso halimsitiri mtu.

Sketi? Thubutu.
Ngazi za Cerro Barón nilianza kuzihesabu, zikanishinda,
na upepo wa huko juu haujali
kwamba nyuma yako anapanda mteja na mumewe.
Suruali iliyonyooka, pindo liguse kifundo.
Raba za kupandia; viatu vya ngozi mkobani,
uvivae mlangoni, ukishika ukuta.
Mteja hahitaji kujua umefikaje.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mashati mawili
na koti moja la peso elfu nne.
Nikifua usiku, nikianika karibu na jiko la mafuta ya taa,
na asubuhi, ninanuka utambi mzima,
nawaambia watu: Tazameni mwanga wa sebule hii.
Nimefungua nyumba za vyumba vitano kwa mkono wangu,
nami nyumbani ni chumba, na choo cha shirika.
Mjane mmoja aliniuliza, Na wewe unakaa kilima gani?
Nikamjibu, Hiki hiki.
Ilikuwa kweli kwa dakika arobaini.

Sasa hili sijamwambia mtu.
Kuna nyumba ya manjano Cerro Alegre
tuliitiwa madalali wawili, mwenyewe achague mmoja.
Nafika, namkuta Ninoska Bórquez,
wa ile ofisi ya vioo,
yule ambaye nywele zake hazijawahi kusikia habari za upepo.
Nilitamani pazia linimeze.
Akanipa mkono, nikainua macho hadi kwenye ukosi wake,
na pale, upande wa kushoto, nikaona tundu.
Dogo, la kupitisha pini ya bei.
Wauzaji wote hutoboa lebo;
ni Eleuterio peke yake, wa kibanda cha tatu,
anayetoboa ukosi, na kila siku tunamgombeza.
Nikajua. Na macho yake nayo yakashuka
yakalikuta la kwangu,
yakasimama.

Hatukusema neno. Mwenye nyumba alikuwa anaeleza mabomba.
Lakini tulipotoka Ninoska aliketi ngazini,
akavua vya ngozi, akatoa raba mkobani
zimechakaa kuliko zangu,
akajisogeza kidogo ili nami nipate pa kukaa.
Tukafunga kamba, kila mtu zake,
paka wa jirani akitutazama.

Nyumba aliipata yeye.

Basi, saa moja, Maite. Usichelewe.
Ninoska hufika saa moja kasorobo.