Sindano ya Ijumaa

Dawa yangu inalala kwa Bi Hidaya, kwenye jokofu la duka,
kati ya barafu za ubuyu na soda.
Ameifunga kwa gazeti, akaandika kwa wino mzito: SI YA KUUZA.
Isevya nzima inajua najichoma.
Wapo wasemao ni sukari. Waache.

Damu imekuwa nzito, ndiyo habari yenyewe.
Uloto umesahau kuhesabu,
unatoa seli juu ya seli
kama karani mlevi akataye tiketi
na behewa limeshajaa hadi mlangoni.
Nikioga, ngozi inawasha kama nimemwagiwa upupu.

Dakta Ruhigo alichora nyuma ya kadi yangu
duara, na ndani yake uzi uliojisokota.
"Interferoni haiui kwa mkono wake. Inabisha hodi.
Jeni za ulinzi zimesinzia humo; zinaamka,
nyingine zinapayuka kupita kiasi."

Nikamwambia, daktari, sema nami kireli.
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mtu wa pointi,
stesheni hiihii ya Tabora,
Mwanza kule, Kigoma huku.
Sikuendesha treni hata moja.
Nilivuta wenzo, chuma kikalia,
tani mia nane zikafuata mkono wangu.

Akacheka. "Basi ni hivyo."

Hakunieleza habari za usiku.
Saa tano homa inaingia bila filimbi.
Nyamizi ananifunika blanketi, kanga, koti langu la kazi,
na bado meno yanagongana.
Ndio hao walinzi, najiambia, wamekurupushwa,
mwizi hawamjui sura,
wanapiga kila mlango.

Mwezi wa tisa hesabu ilishuka.
Wakanitoa vichupa viwili, kabla ya sindano na baada,
waone jeni zipi zimewaka.
Majibu hayajafika.
Ile seli ya kwanza iliyoasi, wanasema, huenda bado ipo.
Imelala? Inasubiri?
Daktari alitazama dirishani kidogo.

Sasa treni ya Kigoma inapita pointi.
Kijana wa zamu kavuta vizuri, nasikia.
Mara taa zinazimika, mtaa mzima.

"Nyamizi," nasema, "mtume mtoto kwa Bi Hidaya
aguse zile barafu za ubuyu,
kama bado ngumu."