Pete ya Waya

Narusha pete ya waya bila kutazama,
maana jicho huchagua, na likichagua hudanganya.
Inapoangukia, hapo hapo napiga magoti.

Orest Hnatiuk amesimama nyuma yangu, mikono mifukoni,
upepo wa Saskatchewan ukimng'ang'ania kofia.
"Kijani tupu," asema. "Mvua ya Juni imenipendelea."

Kijani, ndiyo. Lakini kijani si afya, mzee.
Natenganisha nyasi kwa vidole
kama mama amchambuaye mtoto chawa:
hii fupi, mashuke yamejikunja mithili ya kope,
hustawi wakubwa wake wakishaliwa;
hii yenye rangi ya fedha, chungu,
ng'ombe huipita kama mdaiwa apitavyo duka.
Ile ndefu ya sindano, tamu ya kwanza mdomoni,
nimepata mashina mawili.
Katikati, udongo uchi. Kidole hakiingii.

Naandika. Haipendi kalamu yangu.
"Kwa jirani ni kubaya zaidi."
Sikuja kupima kwa jirani.
Ardhi hupimwa kwa kile ambacho ingeweza kuwa.
"Na nani ajuaye ingekuwa nini?"

Sikuwa na jibu
mpaka tulipofika pembe ya kaskazini, nyuma ya seng'enge,
ekari tisa ambazo marehemu mkewe, Marusia,
alizitia kufuli miaka thelathini na mmoja.
Ng'ombe waliingia baada ya jalidi ya kwanza tu,
tena si kila mwaka.
"Tuligombana sana. Nilimwambia, unafuga majani makavu."

Narusha pete. Haigusi chini.
Imelala juu ya majani ya mwaka jana,
chini yake ya mwaka juzi,
chini zaidi kitu kisicho jani tena wala si udongo bado,
chenye unyevu, na buibui mmoja aliyekasirika.
Nyasi za sindano: kumi na nne.
Nasukuma kidole, kinazama hadi pingili ya pili.

Orest anashuka polepole, goti moja lina chuma.
Anaingiza kidole chake
na kukiacha humo.

Kwenye fomu kuna nafasi: *eneo la kulinganishia*.
Naandika namba ya kitalu, mteremko, tarehe,
kisha, kinyume cha utaratibu, Marusia.

"Nilikuwa na ufunguo wa pili," asema, akiuambia udongo.
"Hata mwaka ule wa ukame.
Sikuutumia.
Liandike na hilo."